KAZI ZA JUU: KUCHAGUA MASHINE YA KUNYANYULIA WATU NA KUMFUNDISHA MWENYE KUIENDESHA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wanaarifiwa kwamba maelezo haya yanahusu kazi zinazomlazimu mtu kuinuka juu ya ardhi: kubadilisha taa za barabarani, kuvuta nyaya za umeme, kupaka rangi kuta na mapaa ya majengo makubwa, kukata matawi yaliyoegemea nyaya, na kutengeneza vyombo vya majini vilivyopandishwa chelezoni. Mfano uliochukuliwa ni wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania Bara. Huenda msomaji wa visiwani akajiuliza yanamhusu nini mambo ya milima ya Umatengo. Jawabu ni kwamba shida ni moja. Mashine inayokwenda Mbinga husafirishwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 mpaka Songea, kisha takriban 100 nyengine mpaka Mbinga mjini, na 66 zaidi kuteremkia Mbamba Bay. Inayokuja kwetu huvuka bahari. Kote kuwili, mashine isiyofaa ikishateremshwa, ofisi haina njia nyepesi ya kuibadilisha, na hapo ndipo watu huanza kuitumia kwa namna isiyokusudiwa.

Kazi za juu zimeongezeka mno katika sehemu ile. Mwaka 2018 njia kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika, na pamoja nayo nyaya za msongo wa kati za kilovolti 33 zikaenezwa hadi Mbinga, mji ambao kabla ya hapo ulitegemea jenereta za dizeli. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay imetiwa lami. Mwezi Septemba 2024 Rais wa Jamhuri ya Muungano aliweka jiwe la msingi la bandari mpya ya Mbamba Bay. Kuna machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, kuna kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Mbinga, na kuna majengo marefu ya misheni, likiwamo Kanisa Kuu la Mtakatifu Kiliani. Kila nguzo, kila paa na kila taa katika hayo humtaka mtu apande, na mtu huyo ana watu wanaomngojea nyumbani.

Inafaa ieleweke kwanza mtu anaanguka kwa kasi gani. Aliye mita 10 juu akiteleza hufika chini kabla ya sekunde moja na nusu, kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na gari barabarani. Hakuna muda wa kushika kitu wala wa kupiga ukelele. Kwa hivyo yale yanayosemwa baada ya ajali, kwamba marehemu alikuwa mzembe au kwamba ajali haina kinga, mara nyingi hayasaidii kitu. Kinga ilipaswa kuwapo tangu karatasi ya kuagizia mashine.

Mwandishi wa maelezo haya analisema hili kwa kuwa lilimfika. Miaka ya nyuma alikuwa mjumbe wa kamati ya manunuzi ya ofisi moja. Tuliandika kwamba tunataka kukodi "mashine ya kufika mita 12", basi. Mkodishaji mwenye bei ndogo akaleta mashine ya mkasi inayotumia betri, yenye magurudumu madogo magumu, iliyotengenezwa kwa sakafu ya saruji ya ghala. Kazi yetu ilikuwa nje, kwenye udongo mwekundu wenye mteremko, na mvua ilikuwa imenyesha. Mashine haikuweza hata kwenda hatua kumi. Siku ya tatu, kwa kuwa fedha ya kukodi ilikuwa inahesabika, msimamizi alisimamisha ngazi ya mbao juu ya bodi la lori ili fundi afike kwenye taa. Ngazi ikateleza. Fundi alivunjika nyonga na hakupanda tena juu maisha yake. Msimamizi alilaumiwa, na alistahili. Lakini kosa lilianza kwenye ile karatasi yenye mstari mmoja, na saini yangu ilikuwamo.

Sasa tuangalie mashine zenyewe. Zipo za mkasi, ambazo vyuma vyake hukunjuka na kukunjika mfano wa mkasi na jukwaa likapanda wima tu. Haziwezi kufika pembeni. Zipo za mkono, ambazo kikapu kipo mwisho wa mkono mrefu unaorefuka au kukunjika kama kiwiko. Hizi hupita juu ya ukuta au paa na kufika mahali ambapo magurudumu hayafiki. Yapo magari ya kikapu, yaani mkono huohuo uliofungwa juu ya lori, na yapo majukwaa ya kukokotwa nyuma ya gari kama tela. Kwa wilaya yenye nguzo zilizotawanyika katika vijiji vilivyo mbalimbali, gari la kikapu ndilo lenye manufaa zaidi, kwa sababu linajiendesha lenyewe barabarani na halihitaji lori jengine la kulibeba. Mashine ya mkasi iachiwe ghala la kahawa lenye sakafu tambarare na ngumu, kwa mfano kubadilisha taa za dari au kukarabati mapaa kwa ndani.

Swali la kwanza linaloulizwa na kila ofisi ni urefu, na hapo wengi hukosea. Vitabu vya watengenezaji huandika "urefu wa kazi", nao ni urefu wa sakafu ya kikapu pamoja na mita 2 zinazohesabiwa kuwa ni mtu na mikono yake. Mashine iliyoandikwa mita 12, sakafu yake inaishia mita 10. Aidha, urefu huo ni wa kwenda juu moja kwa moja. Mkono ukilazwa kwenda pembeni urefu unapungua, na khatari ya mashine kupinduka inaongezeka. Ndiyo maana kila mashine huwa na mchoro unaoonesha mwisho wa kufika kwake kila upande. Ofisi inayokodi bila ya kuutaka mchoro huo inanunua kitu gizani.

Uzito nao hauna mjadala. Vikapu vingi hubeba watu wawili pamoja na vifaa, na kiwango cha kilo 200 au 230 ni cha kawaida. Tuchukue kikapu cha kilo 230. Mafundi wawili wa kilo 80 kila mmoja ni kilo 160. Mfuko wa vifaa kilo 25, taa mpya kilo 15, na gombo la waya kilo 20. Jumla ni kilo 220, na zilizobakia ni 10 tu. Taa ya zamani ikifunguliwa nayo ikawekwa humo humo kikapuni, kiwango kimepita. Jambo dogo kama hilo msimamizi aliyeko chini halioni, na aliyeko juu hana mizani.

Ardhi ndiyo inayostahili maneno mengi zaidi, hasa kwa Mbinga. Mji huo uko juu milimani, na Wamatengo tangu zama hulima kwa ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa katika mteremko ili kuzuia maji yasichukue udongo. Mkulima wa ngoro anaijua ardhi yake kuliko mhandisi mgeni: anajua wapi maji yanapita na wapi udongo umelegea. Ni busara kumuuliza kabla ya kuegesha mashine. Mashine nyingi za kujiendesha huruhusiwa kusimama kwenye mteremko usiozidi nyuzi 3 hadi 5 tu. Nyuzi 3 ni nini? Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, uweke chini, uweke pima maji juu yake, kisha uinue ncha ya chini mpaka tone likae katikati. Ikiwa umeinua zaidi ya sentimita 5, mteremko umezidi nyuzi 3. Kila fundi mwashi anacho kifaa hicho, na hesabu hiyo haihitaji skuli kubwa.

Gari la kikapu husimama juu ya miguu minne ya jeki inayotoka ubavuni. Mguu mmoja unaweza kubeba tani 3, au zaidi pale mkono unapoelekezwa upande wake. Ikiwa kisahani cha mguu kina upana wa sentimita 20, basi kila mita moja ya mraba ya ardhi chini yake inasukumwa kwa kadiri ya tani 95. Udongo uliolowa kwa mvua za masika hauwezi kustahamili hayo. Mguu utazama, gari litainama, na kikapu kilichoko mita 10 juu kitatupwa. Lakini ukiweka chini ya mguu ubao mnene wa sentimita 60 kwa 60, mzigo huo huo unashuka hadi tani 8 na kidogo kwa mita ya mraba. Mbao nne hizo ni bei ndogo mno ukizilinganisha na gari. Ziandikwe katika mkataba wa kukodi, kwa sababu zisipoandikwa haziji. Na kwa ufukweni, kuanzia Lituhi na Liuli mpaka Mbamba Bay, mchanga hudanganya: juu umekauka, chini ni maji. Vilevile isiegeshwe mashine karibu na mtaro uliofukiwa karibuni, hata kama lami imerudishwa juu yake.

Halafu kuna upepo. Ule tunaouita kusi huku kwetu, watu wa Ziwa Nyasa wanaujua kwa jina la mwera, nao huvuma kutoka kusini katika miezi ya kipupwe na kulichafua ziwa kwa siku kadhaa. Mashine zilizotengenezwa kwa kazi za nje kwa kawaida huruhusiwa mpaka upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 45 kwa saa; nyengine zimetengenezwa kwa ndani tu na hazikuruhusiwa kukutana na upepo wowote. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara nne. Fundi aliyeshika bati au bango kikapuni amekuwa ametweka tanga, na nahodha yeyote atamwambia kinachofuata. Kipimo cha upepo cha mkononi kinapatikana na hakina gharama kubwa. Kipimwe kule juu, kwani chini ya miembe hewa imetulia.

Umeme ni sura peke yake. Mashine nyingi za mkasi na za mkono ni chuma kitupu na hazina kinga yoyote ya umeme. Magari maalumu ya mafundi wa umeme ndiyo yenye mkono wa nyuzi za kioo usiopitisha umeme, na hata hayo hupimwa kila baada ya muda, kwani vumbi, unyevu na mikwaruzo huiharibu kinga hiyo. Rangi ya gari si ushahidi. Cheti cha kupimwa ndicho ushahidi. Mtu si lazima auguse waya ili auawe, kwa kuwa msongo mkubwa huruka hewani. Kanuni za Marekani za winchi zinataka umbali usiopungua mita 3 kwa nyaya zisizozidi kilovolti 50, na takriban mita 6 kwa zile za kilovolti 200 hadi 350. Kwa mkata matawi au mpaka rangi asiye fundi wa umeme, utaratibu wa salama ni mmoja: TANESCO, au Shirika la Umeme kwa huku kwetu, waombwe kwa barua wazime umeme, na kazi isianze mpaka wamethibitisha wenyewe kwamba umezimwa. Maneno ya "leo umeme umekatika" hayatoshi, kwani unaweza kurudi wakati wowote.

Hatusemi kwamba mashine ndiyo jawabu la kila kazi. Nguzo nyingi za vijijini Umatengo zimepita juu ya mabonde ambako gari halifiki, na huko fundi atapanda kwa vyuma vya miguuni na mkanda uliozunguka nguzo, baada ya kuigonga na kuichimbua kidogo penye shina kuangalia kama haikuoza. Ukuta mrefu unaopakwa rangi kwa majuma mengi hufanywa vizuri zaidi kwa jukwaa lililofungwa. Mafundi wa Mbinga hutumia mirunda ya mikaratusi kama wetu wanavyotumia boriti. Miti si kosa. Kosa ni mti uliopasuka, kamba iliyooza, mbao moja badala ya tatu, na kukosekana kwa reli ya kuzuia kiuno. Ngazi nayo ina kazi yake, ikiwa ni kazi ya dakika chache na mkono mmoja uko huru kushika: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke mita 1 kutoka ukutani, na ncha ya juu ifungwe.

Kinachopaswa kukatazwa kabisa, na kinachoonekana sana, ni kumnyanyua mtu ndani ya bakuli la kijiko, au juu ya chaga iliyobebwa na foklifti. Mashine hizo zilitengenezwa kubeba mchanga na magunia. Mpira mmoja wa mafuta ya haidroliki ukipasuka, bakuli huanguka au hupinduka, na aliyemo hana reli wala mahali pa kufunga mkanda.

Chelezoni mambo ni hayo hayo. Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen zama za Wajerumani, ndiko meli ya Hermann von Wissmann ilikokuwa imepandishwa kwa matengenezo mwezi Agosti 1914, pale Waingereza walipokuja kwa meli yao ya Guendolen na kuishambulia kabla haijaweza kurudi majini. Siku hizi meli za mizigo za ziwa hilo, MV Njombe na MV Ruvuma, zinabeba tani 1,000 kila moja, na kufika ubavuni mwa chombo kama hicho kikiwa nchi kavu ni kazi ya juu kama kazi nyengine. Mashine ya mkono hufaa, lakini ubavu wa meli umejikunja, na kikapu kinaweza kumbana mtu baina ya reli na chuma cha meli.

Kubanwa huko kunatuleta kwenye mafunzo, kwani ni ajali ya mwendeshaji asiyefundishwa. Mtu ameinamia vifaa vya kuongozea huku kikapu kinapanda chini ya boriti. Anabanwa, kifua kinasukuma kile kile kijiti cha kuongozea, na mashine inaendelea kupanda. Mwendeshaji aliyefundishwa hutazama juu kabla ya kugusa kijiti, na mwenzake wa chini anajua kitufe cha dharura kiko wapi.

Leseni ya kuendesha gari haimfanyi mtu kuwa mwendeshaji wa kikapu. Duniani kuna kiwango cha kimataifa cha mafunzo haya, ISO 18878, na kuna shirikisho la IPAF lililoanzishwa mwaka 1983, ambalo kadi yake hudumu miaka 5 na baada ya hapo mwenye nayo hufundishwa tena. Mafunzo ya aina moja ya mashine huchukua siku moja au mbili: darasani, kisha uwanjani, kisha mtihani wa pande zote mbili. Aliyefuzu mashine ya mkasi hakufuzu ya mkono. Na aliyefuzu ya mkono, akipewa ya mtengenezaji mwengine, aoneshwe kwanza, kwa kuwa vijiti havifanani na pengine kinachokwenda kulia huku kinakwenda kushoto kule.

Mafunzo yafanyike kwa Kiswahili, na maandishi ya kwenye mashine yafasiriwe. Vitabu vingi huja kwa Kiingereza, vyengine kwa Kichina. Mtu aliyeko mita 15 juu katika dharura hasomi lugha ya kigeni. Atazamwe pia afya yake: kizunguzungu, kifafa, macho, na dawa anazotumia. Wanawake wafundishwe sawa na wanaume, kwani kazi hii inataka utulivu zaidi kuliko misuli.

Mkanda wa mwili mzima ni lazima katika mashine ya mkono. Gurudumu likiingia katika shimo, mkono hutikisika na kumrusha mtu nje kama manati. Kamba yake iwe fupi, ili imzuie asitoke kikapuni hata kidogo, na ifungwe penye pete iliyowekwa na mtengenezaji. Isifungwe kwenye reli, wala kwenye nguzo au mti wa jirani, kwani kikapu kikishuka yeye atabakia ananing'inia. Anayening'inia kwa mkanda asiachwe hata kwa muda mfupi, maana damu hukwama miguuni na anaweza kupoteza fahamu. Kwa sababu hiyo kila kazi iwe na mtu wa chini aliyefundishwa kukishusha kikapu kwa kutumia vifaa vya chini, na awe amefanya hivyo kwa mikono yake mwenyewe, si kuelezwa tu. Katika mafunzo mengi zoezi hili hufanywa mwisho, watu wameshachoka. Lingefaa liwe la kwanza.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Zanzibar tunayo Sheria Namba 8 ya mwaka 2005. Zote zinamwekea mwajiri wajibu wa kutoa vifaa salama na mafunzo. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1998, mashine inayonyanyua watu huchunguzwa na mtaalamu kila miezi 6, na ofisi zetu hazitokosea zikikitaka kipindi hicho katika mikataba yao. Fidia ya aliyeumia kazini Bara hulipwa kwa utaratibu wa Sheria ya mwaka 2008, lakini fundi wa kibarua ambaye jina lake halimo katika daftari lolote huwa na taabu kubwa ya kuthibitisha kwamba alikuwa kazini. Msimamizi aliandike jina la kila mtu asubuhi, hata wa siku moja.

Karatasi ya kuagizia basi iwe na haya: urefu wa sakafu na umbali wa pembeni; idadi ya watu na kilo za vifaa; ndani au nje; aina ya ardhi na mteremko uliopimwa; nyaya zilizo karibu na msongo wake; njia ya kufikia na uzito unaoruhusiwa katika madaraja yake; cheti cha uchunguzi kisichozidi miezi 6; mbao za kuwekea miguu; na jina la mwendeshaji pamoja na nambari ya cheti chake. Kila asubuhi kabla ya kazi, mwendeshaji aangalie matairi, uvujaji wa mafuta, reli na mlango wa kikapu, kisha ajaribu kitufe cha dharura kikapu kikiwa bado chini, na atie saini katika daftari linalokaa ndani ya gari. Jioni ufunguo utolewe na ukabidhiwe kwa msimamizi. Usiachwe kwa mlinzi.